Mwenye Mzio na Jamaa Zake



Nasema mbele yenu juu ya maradhi ambayo hayatajwi sana katika mazungumzo yetu ya siha, kwa kuwa hayaji kama tauni wala kipindupindu, hayafungi bandari wala masoko, bali humwingia mtu mmoja mmoja katika chakula chake, kitanda chake, dawa yake na mapambo yake, yakamfanya adhurike kwa kitu kile kile ambacho jirani yake hukila, hukilalia au hujipaka kwa raha mustarehe. Maradhi hayo ndiyo mzio, ambao wengi mjini huuita aleji. Nitakalosema leo ni neno moja lenye matawi mengi: kwamba mwenye mzio hawezi kujilinda peke yake, kwa sababu mkono unaompikia, unaompamba, unaomtibu na unaomfundisha aghalabu si mkono wake. Kwa hiyo salama yake imo katika mambo mawili yaliyofungamana, nayo ni ujuzi kamili alio nao juu ya nafsi yake, na insafu ya wale wanaoishi naye. Likikosekana moja, la pili halifai kitu.

Sina budi kuanza na asili ya jambo lenyewe, maana asiyejua maradhi yanatoka wapi huyatafutia sababu katika uchawi, katika husuda ya jirani au katika udekaji wa mgonjwa. Mwaka 1901 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika merikebu ya Albert wa Kwanza, Mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya kiumbe wa baharini afananaye na konyeza, ambaye nyuzi zake humwunguza mwogeleaji. Waliporejea nchi kavu waliendelea na majaribio juu ya mbwa kwa sumu ya kiumbe mwingine wa baharini, wakitaraji kwamba mbwa aliyeonjeshwa kiasi kidogo atazoea na kukingika. Ikawa kinyume cha matarajio yao: mbwa aliyenusurika mara ya kwanza na kuwa mzima kabisa, alipopewa baada ya majuma kadhaa kiasi ambacho kisingemwua mbwa mwingine, alishikwa na shida ya pumzi, akaanguka, akafa kwa muda mfupi. Waliitangaza habari hiyo mwaka 1902 wakaipa hali ile jina la anafilaksi, na mwaka 1913 Richet akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1906, tabibu wa watoto wa Vienna aitwaye Clemens von Pirquet alifundisha kwamba kinga inayomwokoa mtu na mzio unaomdhuru vyatoka katika asili moja. Ilipasa kungoja hadi miaka ya 1966 na 1967 ndipo mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Denver katika Marekani, na kwa njia yao wenyewe wataalamu wa Uppsala katika Uswidi, walipoigundua kingamwili yenyewe iletayo fujo hiyo, ambayo tangu 1968 hujulikana kwa jina la IgE.

Mambo huenda hivi. Mwili wa binadamu huunda kingamwili za kupambana na vijidudu na minyoo. Katika baadhi ya watu, ambao mara nyingi wamerithi mwelekeo huo kwa wazazi wao, mwili hukosea katika kupambanua, ukaunda IgE dhidi ya protini isiyo na dhara lolote, mathalan ya karanga, ya kamba, au ya chavua ya majani. Mara ya kwanza mtu haoni kitu. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli zilizotapakaa chini ya ngozi na katika utando wa pua, koo, mapafu na matumbo, zikakaa huko. Protini ile ile inaporudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine katika muda wa dakika chache: ngozi huvimba na kuwasha, pua hutiririka, mirija ya mapafu hubana, matumbo husokota, na mishipa ya damu hulegea hata shinikizo la damu likaporomoka. Ndiyo maana kusema kwamba fulani alikula kitu hicho juzi asidhurike si hoja, na kusema kwamba mpishi ametia kidogo tu si udhuru, kwa kuwa paa la makuti halihitaji moto mkubwa. Cheche moja yatosha.

Tuanze na nyumba, maana humo ndimo mizio mingi inamozaliwa na kulelewa. Katika vumbi la nyumba huishi utitiri mdogo sana usioonekana kwa macho matupu, ambao chakula chake ni vigamba vya ngozi yetu vinavyopukutika usiku na mchana, na makao yake ayapendayo ni godoro, mto na zulia. Nao hustawi mahali penye unyevu, yaani katika miji kama hii ya pwani kuliko penginepo. Kinachodhuru ni kinyesi chake, ambacho huvutwa kwa pumzi na kumletea mwenye mzio chafya za alfajiri, mafua yasiyokwisha, na pumu. Mende naye, pamoja na kinyesi na vipande vya mwili wake, ni sababu nyingine kubwa ya pumu katika nyumba za mijini zilizosongamana. Basi mama anayeanika godoro na mito ya sufi juani, anayefua mashuka kila juma kwa maji ya moto, na anayefunika chakula na taka ili mende asishibe, anafanya kazi ya utabibu hata kama hakuna anayemwita tabibu.

Juu ya pumu nina neno la kusisitiza. Imeenea dhana kwamba mgonjwa akishaanza kuvuta dawa ya pampu hataweza kuiacha, na kwamba vidonge au sindano ndizo dawa za heshima. Dhana hiyo imewazika watu. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo mno, na kwa hivyo madhara yake mwilini ni machache kuliko ya vidonge. Tena ziko aina mbili ambazo haifai kuzichanganya kwa jina moja: ipo ile ya kufungua mirija kwa haraka wakati mtu amebanwa, na ipo ile ya kutuliza uvimbe wa mirija, ambayo huvutwa kila siku hata mtu akijiona mzima. Mgonjwa anayetegemea ile ya kwanza peke yake, akiitumia mara kwa mara huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini, yumo hatarini asijue. Na tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya tiba ya pumu imeacha kushauri kwamba mtu mzima atibiwe kwa ile ya kwanza peke yake.

Wako pia watoto ambao macho yao huwasha na kuwa mekundu mwaka baada ya mwaka, wakayasugua hata weupe wa jicho ukageuka rangi. Huo ni mzio wa macho, ambao katika nchi zetu za joto huwapata watoto wengi, hasa wa kiume. Baadhi ya wazazi hununua dukani matone yenye steroidi bila ya kuandikiwa, kwa sababu mtoto hupata nafuu siku ile ile. Lakini matone hayo yakitumiwa kwa miezi bila ya uangalizi huleta mtoto wa jicho na huongeza shinikizo ndani ya jicho, na mtoto aliyekuwa anawashwa tu akaishia kupoteza nuru. Kadhalika wapo watoto wachanga wenye pumu ya ngozi, ambao ngozi yao ni kavu, hupasuka mikunjoni na kuwanyima usingizi. Hao yawapasa mafuta mazito yasiyo na manukato, yapakwe kila siku na hasa mara baada ya kuoga. Kuwatibu ni hifadhi ya baadaye pia, maana imedhihirika kwamba protini za vyakula zinaposhika ngozi iliyochanika kabla mtoto hajazila, mwili huelekea kuzihesabu kuwa adui.

Kutoka hapo twaingia jikoni. Vyakula viletavyo mizio mikali mara nyingi kuliko vingine ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, jamii ya korosho na lozi, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Mtoto mwenye mzio wa maziwa au wa yai mara nyingi hupona kadiri anavyokua, ila mzio wa karanga, wa korosho, wa samaki na wa kamba aghalabu hudumu na mtu. Watu wa pwani yawafaa wajue habari za kamba kwa tafsili. Protini inayodhuru katika kamba na kaa huitwa tropomiosini. Moto wa kupikia hauiharibu, na mvuke wa chungu kinachochemka waweza kumletea pumu mtu aliyekaa jikoni asionje kitu. Protini inayofanana nayo imo katika mende na katika utitiri wa vumbi, na kwa hivyo mtu mmoja aweza kudhurika na vyote vitatu. Lakini protini idhuruyo katika samaki wenye mifupa ni nyingine kabisa. Aliyekatazwa kamba hakukatazwa changu wala tasi, na kumnyima samaki wote kwa sababu ya kamba ni kumfukarisha bila ya faida.

Korosho nayo ina habari zake. Mkorosho, uliotoka Brazili na kuletwa na Wareno, ukaja kuwa neema ya Mtwara na Lindi, ni jamaa mmoja na mwembe na mpistachio. Mafuta ya ganda la korosho huunguza na kuambua ngozi, kama wajuavyo wanawake waliobangua korosho kwa mikono mitupu. Na kemikali za namna hiyo zimo pia katika utomvu na ganda la embe, ndiyo sababu watu wengine hutokwa na vipele kinywani wakila embe kwa kulimenya kwa meno, ilhali wakimenyewa na mwingine hawapati neno. Hayo ni madhara ya ngozi. Mzio wa kiini cha korosho ni jambo jingine lililo kali zaidi, na mwenye nao aghalabu hudhurika na pistachio pia. Nazi haimo katika ukoo huo, na mzio wake ni nadra. Basi asinyimwe wali wa nazi mtu ambaye kosa lake ni korosho tu.

Juu ya karanga kuna habari iliyogeuza mafundisho ya matabibu. Kwa miaka mingi wazazi wa Uingereza na Marekani waliambiwa wasiwape watoto wachanga karanga, ila mzio ukazidi badala ya kupungua. Mwaka 2008 Gideon Lack wa London na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kiyahudi waliokulia Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi ya watoto wa Kiyahudi waliokulia Israeli, ambako karanga hulishwa mapema. Wakafanya jaribio juu ya watoto wachanga 640 waliokuwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba waliolishwa karanga tangu uchanga walipungukiwa na mzio huo kwa zaidi ya asilimia 80 wakilinganishwa na walionyimwa. Bibi zetu waliotia karanga zilizotwangwa laini katika uji wa mtoto hawakuwa wamepotea njia. Lakini nahadharisha: karanga nzima humpalia mtoto, na mtoto ambaye tayari ana pumu ya ngozi kali asianzishwe pasipo ushauri wa tabibu.

Hatari kubwa ya jikoni haimo katika sahani iliyo wazi, bali katika kitu kilichojificha. Kinu kilichotwangiwa karanga hutwangiwa kisamvu. Mafuta yaliyokaanga kamba hukaanga viazi. Upawa mmoja hupita sufuria tatu. Na kashata za nazi hukatwa kwa kisu cha kashata za karanga. Mpishi hakukusudia uovu, ila hakuulizwa wala hakujua. Nchi nyingine zimeyatilia sheria mambo haya: Umoja wa Ulaya hulazimisha kutajwa kwa vyakula 14 viletavyo mzio, Marekani iliongeza ufuta katika orodha yake kuanzia Januari 2023, na Uingereza, baada ya msichana mmoja kufariki mwaka 2016 kwa kula mkate uliokuwa na ufuta usioandikwa kwenye karatasi yake, iliamrisha tangu Oktoba 2021 kwamba chakula kinachofungwa hapo hapo dukani kiandikwe viungo vyake vyote. Chakula chetu kilicho kingi huuzwa bila ya karatasi, barazani na vibandani, na kwa hivyo karatasi yetu ni ulimi wa mpishi. Ulimi huo ukisema kweli watu wataishi.

Naingia sasa katika mizio ya nadra, ambayo watu huidhihaki kwa kuwa haifanani na waliyoizoea. Mwaka 2008 Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walieleza kwa nini wagonjwa wa saratani katika majimbo fulani ya Marekani walikuwa wakizidiwa ghafla kwa sindano ya kwanza tu ya dawa moja: miilini mwao mlikuwa tayari na IgE dhidi ya sukari fulani iliyomo katika nyama ya wanyama wanyonyeshao. Ikabainika baadaye kwamba kingamwili hizo huletwa na kuumwa na kupe, na kwamba mtu aliyepatwa hivyo hula nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo akiwa salama, kisha baada ya saa tatu hadi sita, aghalabu usiku wa manane, huamka akiwashwa mwili mzima na kukosa pumzi. Kuku na samaki hawamdhuru. Kupe wa ukoo huo wamo pia katika mifugo ya bara letu. Wapo watu wengine ambao ngozi yao huvimba kwa baridi, na kwao kujitosa katika maji ya baridi kwaweza kuwa kifo. Wapo wachache sana duniani ambao hutokwa na vipele kwa kuguswa na maji tu, hata yakiwa ya uvuguvugu. Wapo walao ngano au kamba wasipate neno, ila wakikimbia au kufanya kazi nzito ndani ya saa chache baada ya kula, huanguka. Wapo pia wauguzi na watu waliopasuliwa mara nyingi ambao hudhurika na mpira wa glavu, na baadhi yao hudhurika vile vile na ndizi, parachichi na papai kwa kufanana kwa protini zake. Mtu wa namna hii anapoeleza hali yake, jibu la kiungwana ni kumwamini kwanza na kumpeleka kwa mjuzi, si kumcheka.

Hata hivyo insafu hutaka tuseme upande wa pili: si kila kinachowasha ni mzio. Jodari au kibua aliyekaa juani bila ya barafu huzaliwa ndani yake vijidudu vinavyotengeneza histamini katika nyama yake, na histamini hiyo haiondoki kwa kupikwa. Walaji hupata wekundu wa uso, kichwa kuuma, mwasho na kuhara, wakadhani wana mzio wa samaki, kumbe walikula samaki aliyeharibika. Dalili ya kupambanua ni kwamba mara nyingi hupatwa wengi waliokula sinia moja. Mtu mzima anayejaa tumbo akinywa maziwa, kwa kawaida amepungukiwa na kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, naye hana hatari ya kufa. Na wale wa makamo mnaokumbuka mwasho wa klorokwini, uliowafanya wengi wajikune usiku kucha na kuikimbia dawa, jueni kwamba huo ulikuwa ni udhia wa dawa yenyewe kwa watu wengi wa Afrika, wala haukutokana na IgE.

Penisilini yastahili kutajwa kwa jina lake. Katika nchi za Magharibi mgonjwa mmoja katika kila kumi huandikwa kwamba ana mzio wa penisilini, lakini wanapopimwa kwa utaratibu zaidi ya tisa katika kumi kati ya hao huonekana hawana. Huenda utotoni walitokwa na vipele vya homa ya virusi siku ile ile waliyomeza dawa. Kosa hilo si dogo, maana mama mjamzito mwenye kaswende hana dawa nyingine iliyothibitika kumkinga mwanawe, na kijana ambaye moyo wake umeharibiwa na homa ya baridi yabisi hukingwa kwa sindano za penisilini kila majuma machache. Kinyume chake, mzio wa dawa za salfa ukitokea kwa ukali huchuna ngozi na utando wa kinywa na macho kama aliyeungua moto, na waliopatwa nao wasirudie kamwe. Dawa ya malaria ya salfa iliyokuwa ya kwanza nchini Tanzania kuanzia 2001 hadi dawa mseto ilipoingia mwishoni mwa 2006, hata leo hupewa wajawazito kwa kinga. Basi kila mama mwenye historia hiyo na aiseme kliniki kabla ya kupokea vidonge. Neno jepesi "dawa fulani hainipendi" halitoshi: itajwe dawa, utajwe mwaka, itajwe dalili, na liandikwe katika daftari la kliniki kwa wino.

Na mapambo pia yana sehemu yake. Hina halisi, ile nyekundu ya majani, ni salama kwa watu karibu wote. Lakini piko jeusi, ambalo sasa hupakwa mikononi na miguuni mwa maharusi, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilindiamini. Sheria za Ulaya huruhusu kemikali hiyo katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na haziiruhusu kabisa kupakwa ngozini. Madhara yake hayaji kwa dakika. Huja baada ya siku moja hadi tatu, na mara nyingine zaidi, maua ya piko yakainuka malengelenge na kuacha makovu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwili ukishaichukia kemikali hiyo hauisahau, na bibi harusi wa leo atakapotaka kuficha mvi zake miaka thelathini baadaye atavimba uso na macho. Mzio wa namna hiyo ya kuchelewa huwapata pia wavaao hereni na bangili za nikeli, na waashi ambao mikono yao hupasuka kwa kromati iliyomo katika saruji. Denmaki ilipoanza miaka ya 1980 kutia chumvi ya chuma katika saruji ili kuivunja nguvu kromati hiyo, maradhi ya mikono ya waashi yakapungua. Maradhi ambayo fundi aliyavumilia kama ajali yake yalikuwa yakiondoleka kwa amri ya serikali.

Nimefika katika saa ya hatari, na hapa naomba kila mtu asikilize. Mtu aliyekula, aliyechomwa dawa au aliyeumwa na nyuki akianza kwa ghafla kuvimba midomo au ulimi, sauti ikakauka, pumzi ikapiga filimbi, akatapika mfululizo, akaona kizunguzungu au akazimia, hiyo ni anafilaksi, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini ya kuchomwa katika msuli wa ubavuni mwa paja. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, yaani nusu mililita ya ile ya miligramu 1 katika mililita 1. Kwa mtoto ni sehemu moja ya mia ya miligramu kwa kila kilo ya uzito wake, isipite nusu miligramu. Na hurudiwa baada ya dakika tano hali isipotengenea. Piriton na vidonge vya jamii yake hutuliza mwasho, ila havifungui koo wala haviinui shinikizo la damu. Maziwa, ambayo wengi huamini kwamba huua sumu, hayafai kitu, na huenda ndiyo yaliyomdhuru. Alazwe chali, miguu iinuliwe, asisimamishwe wala kutembezwa kwenda garini. Anayeshindwa kupumua na akae ameegemea, na mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Dua haikatazwi, lakini na isomwe njiani kuelekea zahanati. Uchunguzi wa vifo vya namna hii uliotangazwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kwamba moyo au pumzi kwa kawaida ilisimama dakika 5 baada ya dawa ya sindano, dakika 15 baada ya kuumwa na mdudu, na dakika 30 baada ya chakula. Muda huo hautoshi kutafuta mganga wa kienyeji. Sindano za kujichoma mwenyewe ni adimu na ghali katika nchi zetu. Lakini chupa ndogo ya adrenalini ni dawa ya bei nafuu, na zahanati isiyokuwa nayo, au yenye kuifungia kabatini na ufunguo akaondoka nao mtu, ina deni kwa watu wake.

Yabaki maisha ya kila siku. Mwenye mzio na ajue kwa yakini kimdhurucho: aandike alichokula, saa alipokula, saa alipopatwa na namna alivyopatwa, kisha aende na maandiko hayo kwa tabibu, kwa maana kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi peke yake huonyesha kingamwili tu, na wengi wenye kingamwili hula kitu hicho bila ya dhara. Asijinyime vyakula kumi kwa kushuku, wala asijionjeshe kimoja kwa ubishi. Asione haya kutamka. Wapo vijana waliokufa kwa haya: wameketi na wenzao karamuni, wakaona aibu kuuliza, wakala.

Na sisi tusiokuwa na mzio tuna fungu letu, ambalo naliona kuwa zito zaidi. Sisi ni watu wa sinia na wa kushikilia mgeni ale. Anayekataa tonge twamdhania ana kiburi, au ametuhofia uchawi. Desturi hiyo ni njema kwa asili yake, ila ukarimu usiouliza waweza kumwua anayekirimiwa. Mwalimu amjue mwanafunzi wake mwenye pumu na asimkataze kubeba pampu yake darasani. Mama mkwe amsadiki mkaza mwana anaposema kamba humdhuru, asimtilie kwa siri katika mchuzi ili kumjaribu. Mpishi wa arusi aulizwe na ajibu. Na mganga wa kituo, kabla ya kuvuta dawa katika bomba la sindano, aulize kwanza ni dawa gani iliyowahi kumdhuru mgonjwa wake.

Nawasihi basi, kila mmoja wenu atakaporejea kwake leo, awaulize watu wa nyumba yake ni nani kati yao anayedhurika na nini, aliandike, na aijue njia ya zahanati iliyo karibu yenye adrenalini. Na kuanzia leo, mgeni akiingia nyumbani mwako, baada ya kumkaribisha na kabla ya kumpakulia, mwulize: "Kuna kitu usichokula?" Kisha jibu lake liheshimu.